Gari Linalofunguka: hotuba kwa wenye Land Rover na mafundi wao, Arusha

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliokaa mbele, shikamooni. Mafundi wa Unga Limited na wa Majengo, madereva wa njia za Simanjiro, Longido na Loliondo, akina mama mliokuja hapa mkiendesha wenyewe, na ninyi vijana mliokaa juu ya maboneti huko nyuma, habari za asubuhi. Vijana, naomba mshuke. Hilo bati ni aluminiamu, likibonyea halirudi. (Kicheko.)

Nimetakiwa nizungumzie historia ya gari hili na maisha ya kulimiliki. Mimi si mhandisi. Nilikuwa mtu wa mifugo, sasa nimestaafu, na sehemu kubwa ya utumishi wangu niliimaliza ndani ya Land Rover 109, ile ndefu, ya Serikali kati ya Monduli, Longido na Ngorongoro. Baadaye nikanunua 109 yangu kwenye mnada. Kwa hiyo mtasikia maneno ya mtu aliyekalia kiti, tena kiti chenyewe mnakijua kilivyo kigumu.

Nianze kwa ubishi. Kila tukikutana, lazima atasimama mtu aseme gari hili halifi, chuma cha Mwingereza, na sisi wote tutapiga makofi. Mimi leo sipigi. Land Rover inaharibika, tena mara nyingi kuliko majirani zake. Shafti inakatika, oili inavuja, giaboksi inalia, maji ya mvua yanaingia na kukuloanisha magoti. Ikiwa bado tunaziona barabarani Arusha, zikiwa na umri wa kuwa babu, ni kwa sababu zinafunguka. Kila kiungo kimeshikwa na boliti ambayo mtu mwenye spana ataifikia, akitoe, akitazame, akirekebishe, akirudishe. Na jambo hilo halikuja kwa bahati. Liko katika namna gari lilivyozaliwa.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Uingereza ilikuwa imeshinda lakini mfuko umetoboka. Kampuni ya Rover ilizoea kutengeneza magari ya waheshimiwa, ya kwendea ofisini na kanisani. Kiwanda chake cha Solihull, karibu na Birmingham, kilikuwa kimejengwa kwa ajili ya injini za ndege za kivita, na sasa ndege hazihitajiki tena. Chuma kilitolewa kwa mgao, na aliyepewa mgao mnono ni yule aliyeweza kuuza bidhaa nje na kuleta fedha za kigeni. Rover hawakuwa na kitu cha kuuza nje.

Mhandisi wao mkuu, Maurice Wilks, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey huko Wales, na kazi za shamba alizifanya kwa Jeep la Kimarekani lililobaki vitani. Likawa linachoka. Yeye na kaka yake Spencer, aliyekuwa mkurugenzi wa kampuni, wakaona mwaka 1947 kwamba likifa hakuna la kuchukua nafasi yake ila Jeep jingine chakavu. Gari la kwanza la majaribio walilijenga juu ya chasisi ya Jeep, usukani ukiwa katikati, kama trekta. Usukani huo wa katikati ulikufa mapema, na sawa tu, maana ningependa kuona utingo angekaa wapi. Tarehe 30 Aprili 1948 wakalionyesha gari lenyewe kwenye maonyesho ya magari ya Amsterdam: inchi 80 kutoka ekseli hadi ekseli, injini ya petroli ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi kama 50, bei pauni 450.

Hapa naomba mafundi mnisikilize, kwa sababu ndipo ilipo siri yote. Rover hawakuwa na fedha za kununua mashine kubwa za kugongea mabati yenye mapindo na migongo. Wakachora bodi la mabati bapa, yanayokunjwa kwa mashine ndogo, ya kazi ambayo leo mkunja bati wa Mbauda angeifanya. Chuma hakipo, lakini aluminiamu ya viwanda vya ndege ipo tele. Basi bodi likawa la aluminiamu. Chasisi nayo ingehitaji mashine ya kukandamiza chuma kinene. Hawakuwa nayo, wakachukua vipande vinne vya bamba la chuma na kuvichomelea vikawa mfereji uliofungwa pande zote. Hata ile rangi ya kijani ya magari ya mwanzo ilitoka kwenye akiba ya rangi za ndege. Na walikusudia liwe gari la kupitishia njaa, la miaka michache, mpaka saluni zao zirudi sokoni. Haukupita muda, likawa linauzwa kuliko saluni hizo.

Kwa hiyo ninyi mnaosema Mwingereza alifikiri mbali, mimi nasema alibanwa. Gari lilijengwa na watu wasio na mashine, wasio na chuma, wasio na muda. Lingejengwa na watu wenye kila kitu, sisi huku tusingeliweza. Na kwa kuwa lilikusudiwa kwa mkulima, waliliwekea mahali pa kutolea nguvu ya injini ili lizungushe pampu ya maji, msumeno au mashine ya kupura, mradi mwenye shamba asihitaji mashine mbili.

Mengine nitayapitia haraka, maana yako vichwani mwenu. Ziliongezwa urefu hadi zikafika inchi 88 na 109 mwaka 1956. Mwaka 1957 ikaja dizeli. Mwaka 1958 ikaja Series II yenye ubavu uliotuna kidogo, pamoja na ile injini ya petroli ya lita 2.25 ambayo nusu ya mafundi waliopo hapa wamejifunzia kazi. Series III ilitoka mwaka 1971. Mwaka 1983 ikaja One Ten yenye springi za koili, na ndipo migongo yetu ikapumzika. Mwaka uliofuata ikaja Ninety. Jina la Defender lilikuja mwaka 1990 tu, ingawa siku hizi mtoto wa mjini ukimtajia Defender anaangalia nyuma kama polisi wanakuja. (Kicheko.)

Sasa turudi nyumbani. Gari hili lilifika huku na mkoloni: na bwana shauri, na wapima ardhi, na wachimbuaji wa mifupa. Mary Leakey alipoliona fuvu lile maarufu pale Oldupai tarehe 17 Julai 1959, mumewe Louis alikuwa kambini anaumwa. Mama aliruka ndani ya Land Rover akaenda kumwamsha. Nalisema hili kwa sababu watu wanapenda kusimulia fuvu na kusahau gari.

Baada ya Uhuru, ikawa Serikali yenyewe. Kijiji cha mbali hakikuiona Serikali ila kwa sura ya Land Rover yenye namba za ST: leo daktari, kesho bwana shamba, keshokutwa katibu wa chama. Sisi wa mifugo tulikuja na boksi la barafu lenye chanjo ya sotoka. Wafugaji walikuwa wanatambua mlio wake kabla vumbi halijaonekana, wakaanza kukusanya ng'ombe. Ugonjwa ule ulitangazwa kuwa umetokomezwa duniani mwaka 2011. Sisemi ni Land Rover iliyoutokomeza. Nasema chanjo ya sotoka ilitaka ubaridi, na ubaridi ulitaka gari linalofika Gelai kabla barafu haijawa maji.

Dereva wangu alikuwa Mmbulu mmoja mtaratibu sana. Yeye ndiye aliyenifundisha vile virungu viwili, na kwa vijana ambao gari lao lina kitufe, nitaeleza. Series, yaani Land Rover za kabla ya One Ten, ina vijiti viwili pembeni ya gia. Chenye kirungu cha njano ukikikandamiza chini, magurudumu ya mbele nayo yanavuta. Chenye kirungu chekundu ukikivuta nyuma, unaingia kwenye gia nzito, magurudumu yote manne yakivuta taratibu kwa nguvu. Sheria ya yule mzee ilikuwa moja: chekundu kinavutwa kabla ya shida, gari likiwa limesimama. Ukishazama ndipo ukumbuke kirungu, umeshachelewa, shuka ukate matawi. Alikuwa akishuka bonde la Ngorongoro kwa gia nzito, mguu haugusi breki kabisa, anapiga na mluzi, na mimi nimeshika mlango kwa mikono miwili.

Halafu ikaja miaka ile. Wazee mnaijua. Baada ya vita vya Kagera hapakuwa na fedha za kigeni, hapakuwa na spea, hata sabuni ilikuwa ya foleni. Mwaka 1983, wakati wa kuwasaka wahujumu uchumi, mtu aliyekuwa na boksi la beringi chini ya kitanda alilala akihesabu pumzi. Magari ya Serikali yalisimama yadi kwa yadi. Na ndipo, kwa maoni yangu, Land Rover ikaacha kuwa ya Mwingereza.

Chukueni shafti ya nyuma, ule mtaimbo unaozungusha gurudumu. Huo ndio ugonjwa mkuu wa Series. Umepakia, umekwama, unaachia klachi kwa pupa ukirudi nyuma kwenye mlima, unasikia "tak!", injini inaunguruma na gari limekaa. Katika magari mengi ungelala hapo. Katika Series, shafti haibebi uzito wa gari; uzito umebebwa na habu, kitovu cha gurudumu. Basi hata jeki huhitaji. Unafungua boliti sita pale katikati ya gurudumu, unaivuta shafti nje kama mtu anayechomoa upanga alani, unaweka nyingine. Kile kipande kilichobaki ndani ya difu, yale meno ya katikati ya ekseli, unakisukuma kutokea upande wa pili. Huna shafti ya akiba? Fungua propela ya nyuma, ile inayopeleka nguvu kwenye difu, kandamiza kirungu cha njano, nenda nyumbani ukivutwa na magurudumu ya mbele. Nimefanyiwa hivyo porini na kijana ambaye hakuwahi kuliona darasa la ufundi.

Na shafti mpya ilitoka wapi wakati madukani hakuna kitu? Ilikerezwa hapa hapa Arusha, kutoka kwenye chuma cha shafti ya lori. Mkerezaji alipima ile ya zamani, akahesabu meno yake, akakaa nayo mashine siku nzima. Bushi zilikatwa kwenye mpira wa tairi. Gasketi zilikatwa kwenye maboksi, karatasi inawekwa juu ya chuma na kugongwagongwa kwa nyundo ndogo ukingoni mpaka inajikata yenyewe kwa umbo la kiungo. Tangi likivuja, kipande cha sabuni. Rejeta ikivuja, bizari ya jikoni, na mama mwenye nyumba anauliza pilau la leo mbona jeupe. Spana zake ni za inchi, na fundi aliyekuwa na ile ya tisa kwa kumi na sita alilala nayo.

Ujanja haukuwa wa mafundi tu, hata wauzaji walikuwa nao. Ukinunua Land Rover kuukuu na difu yake ni kimya kupita kiasi, ifungue. Unaweza kukuta imejazwa ndizi ili isilie mpaka hela yako iwe imeshahesabiwa. Na kwa mkoa wenye ndizi nyingi kama jirani zetu wa Kilimanjaro, kuweni waangalifu zaidi. (Kicheko.) Samahani wenzetu wa Moshi, nawaona pale.

Sasa niseme lisilopendwa. Toyota walitushinda. Walianza na gari lao aina ya BJ mwaka 1951, na mwaka 1954 wakalipa jina la Land Cruiser wakiwa wanamwangalia huyu huyu Land Rover. Walichoelewa ni kwamba mwenye kampuni ya utalii hanunui gari ili alifungue. Ananunua gari ili mgeni awahi ndege KIA. Injini yao ya dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita, ile 1HZ, haina ujanja wowote ndani yake, na ndiyo maana haisumbui. Tokeni hapa mwende lango la Lodoare asubuhi mhesabu. Tena mafundi wetu wa Arusha wakazikata zile Land Cruiser katikati, wakazirefusha chasisi, wakaweka viti na paa linalonyanyuka, na leo hiyo ni kazi inayolisha nyumba nyingi mjini hapa. Mkono uliojifunza kwenye Land Rover ndio unaokata Land Cruiser. Mwenye kuliona hilo kuwa ni usaliti ana haki yake. Mimi naliona ni ada ya shule iliyolipa.

Na bado kuna mahali ambako hesabu ya Toyota haifiki. Mnakumbuka mwaka 2011, Babu wa Samunge, Mchungaji Ambilikile Mwasapile. Kikombe cha dawa yake kilikuwa shilingi 500, lakini kukifikia ndiyo kazi. Nchi nzima ilitaka kwenda Loliondo kwa wakati mmoja, na njia yenyewe ni Mto wa Mbu, Engaruka, Ngaresero, kisha ule mlima wa kuingia Usonjo. Magari hayakutosha. Hapo ndipo mji huu ulipoona Land Rover zikifufuka: zilizokuwa mabanda ya kuku, zilizoota majani, zilizokaa juu ya mawe bila magurudumu. Mafundi walilala gereji. Nauli zilipanda mpaka aibu, na baadhi ya magari hayo hayakuwa na haki ya kubeba hata mbuzi, achilia mbali wagonjwa. Hilo lilikuwa baya na tuseme ni baya. Lakini niambieni ni gari gani jingine lililolala miaka mingi mvuani ungelipa betri, dizeli safi na siku mbili za fundi, likaondoka?

Huko kwao nako gari lilikuwa linapita mkono hadi mkono. Leyland waliichukua Rover mwaka 1967. Baadaye ikawa British Leyland, ikaenda British Aerospace mwaka 1988, BMW 1994, Ford 2000, na tangu mwaka 2008 ni mali ya Tata wa India. Ninyi mnaogombana kama ni gari la Mwingereza au la nani, jibu ni hilo. Gari lenyewe la zamani lilitengenezwa Solihull mpaka tarehe 29 Januari 2016, zikiwa zimeshatoka zaidi ya milioni mbili. Defender mpya iliyoonyeshwa mwaka 2019 inaundwa Nitra, Slovakia, na haina chasisi ya kuchomelea. Bodi zima ndilo gari. Nimeipanda. Ni laini, ina nguvu, mgongo wangu uliipigia saluti. Ila sikuona pa kuingiza spana.

Dalili zenyewe zilianza mapema. Injini ya Td5 iliyoingia kwenye Defender mwisho wa miaka ya tisini ni injini nzuri sana, lakini inaongozwa na kompyuta iliyo chini ya kiti. Waya za nozeli zinapita ndani ya kichwa cha injini, kwenye oili. Oili inatambaa ndani ya waya hizo, taratibu, kama maji yanavyopanda utambi, mpaka inafika kwenye plagi nyekundu ya kompyuta. Gari linaanza kukohoa. Mwenye gari anabadilisha pampu, anabadilisha nozeli, anakwenda kwa mganga. Chomoeni ile plagi nyekundu kwanza. Ukikuta imeloa oili, isafishe kwa dawa ya umeme, na ubadilishe kile kipande cha waya kilicho ndani ya kichwa cha injini, maana ukisafisha tu itarudi. Namtaja huyu mgonjwa kwa urefu kwa sababu anaonyesha kitu: Td5 nayo inafunguka, lakini inataka fundi anayejua pa kutazama, na hilo huwezi kulipata kwa kugonga na nyundo.

Kwa anayetaka kununua sasa, nina machache. Nyundo ndogo peleka kwenye chasisi. Ile chasisi ya kuchomelewa inaoza kuanzia ndani. Tope linaingia kwenye mfereji na kukaa humo, nje rangi inang'aa. Gonga pale nyuma kabisa na kwenye mikono inayoshika bodi. Sauti ikiwa butu, ondoka. Kisha tazama ukuta wa chuma ulio kati ya injini na miguu yako, na mahali popote aluminiamu inapokutana na chuma. Ukiona unga mweupe, metali hizo mbili zinalana. Na kama gari limefanya kazi Natron au ufukweni mwa Manyara, uwe mkali zaidi, kwa sababu magadi yanaila aluminiamu, na chumvi iliyomo inaharakisha kutu ya chuma. Ukitoka huko, osha gari kwa maji mengi chini kuliko juu. Watu wengi wanaosha milango ili wapendeze mjini, chini wanaacha kilo za magadi.

Halafu hili la kubadilisha injini. Wapo wanaoona ni dhambi kuweka mashine ya 300Tdi, dizeli ya Land Rover ya miaka ya tisini, kwenye 109. Mimi sioni dhambi, gari hili limekuwa la kuunganisha tangu lile la kwanza lililokalia chasisi ya Jeep. Lakini fikirini. Dizeli ya zamani ya lita 2.25 ilikuwa na farasi kama 62. Hiyo 300Tdi ina kama 111. Umeongeza nguvu karibu mara mbili na umeacha breki zile zile za dramu za enzi za Mwalimu. Ukiteremka Mto wa Mbu umepakia watu na magunia, breki zikishapata moto hazikusikii. Anayekuwekea injini bila kugusa breki, mwambie kazi haijaisha na hela usimalizie. Na mkanda wa taimingi wa hiyo 300Tdi badilisheni kwa wakati wake, hasa zile za mwanzo ambazo mkanda ulikuwa unatafunwa na puli. Ukikatika, hakuna bizari ya kuuzuia.

Jingine ni karatasi. Magari mengi yetu yametoka kwenye minada ya Serikali, ya mashirika na ya wamishonari, na yamebadilishwa bodi, injini, hata chasisi. Linganisha namba ya chasisi na kadi kabla ya kutoa fedha. Fundi anaweza kukuponya na kutu, kesi ya namba hawezi.

Ndugu zangu, mwezi Oktoba mwaka 2024 mji huu ulijaa Land Rover. Rekodi ya msafara ilikuwa ya Wajerumani, magari 632, waliyoyapanga mwaka 2018. Hapa kwetu zilijitokeza zaidi ya elfu moja, kutoka kila pembe ya nchi na kwa majirani. Nilisimama pembeni ya barabara nikatazama mpaka jua likanikaanga. Nilifurahi kama ninyi. Lakini nikiwa pale nilikuwa natazama kitu kingine: kila gari lilipozima, ni nani aliyefungua boneti? Karibu kila mara alikuwa mtu mwenye mvi.

Hilo ndilo linalonileta kwenye kipaza sauti hiki. Magari tunayo. Wanaoyafungua wanazeeka, na waliyo nayo kichwani hayajaandikwa popote. Yule mkerezaji wa shafti nilimzika mimi na wenzangu wachache, na vipimo vyake vikaenda naye. Vijana wa gereji leo wanajifunza kusoma mashine ya kompyuta, ni vizuri sana, waendelee. Ila ukimpa giaboksi ya Series anaitazama kama mfupa wa Oldupai. (Kicheko.)

Nina maombi yangu, Mwenyekiti, na naomba yaingie kwenye kumbukumbu. Mwenye Land Rover akipeleka gari gereji kwa kazi kubwa, amlipie kijana mmoja chakula na nauli asimame karibu na fundi mzee mpaka kazi iishe. Siyo fedha nyingi, ni pungufu ya bei ya taa za ziada mnazofunga juu ya paa na hamziwashi. Pili, simu zenu zinarekodi. Fundi anapofungua difu, rekodini mikono yake na maneno yake, siyo gari na machweo. Tatu, wenye vitabu vya zamani vya matengenezo, vile vyenye michoro, ambavyo wazee wenu waliviacha kabatini, tuvipige picha kurasa zote kabla mchwa hawajafika. Wanafunzi wa VETA waliokuja leo watawasaidia, nimeshazungumza nao na wamekubali.

Na ninyi wafanyabiashara wa spea, nanyi nawaona. Oili sili ya bei poa inayovuja baada ya wiki si bei poa. Mteja atakuja na shafti iliyokatika akaangalia mkato wake, na sisi wengine tunajua kuutofautisha mkato wa chuma kizuri na wa kile mnachotuuzia. Leteni mizigo miwili kama lazima, halisi na ya kuiga, lakini mseme ipi ni ipi. (Makofi.)

Nimeambiwa muda wangu umekwisha, na Mwenyekiti ameshanikonyeza mara mbili. Pale chini ya mjakaranda mafundi wamefungua giaboksi ya Series III mezani, na wazee wawili wataieleza gia kwa gia. Vijana wakae mstari wa mbele, wenye magari wasimame nyuma. Wenye 109 naombeni msogeze magari yenu kutoka getini, kuna lori la viti linataka kuingia. Na aliyeegesha Defender nyeupe kwenye mlango wa zahanati, ashuke akaitoe sasa hivi.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.